Sentimita Pekee Hazitoshi: MRI ya Mtiririko wa Damu na Wagonjwa wa Aota Nairobi

Mgonjwa anayetoka kliniki ya moyo pale Upper Hill akiwa ameambiwa kwamba aota yake ina upana wa sentimita 4.8 hurudi nyumbani na nambari moja tu ya kumwongoza. Aota ndiyo mshipa mkuu unaopokea damu kutoka upande wa kushoto wa moyo, na kwa mtu mzima upana wake karibu na moyo huwa takriban sentimita 3. Ukifika 5.5, madaktari kwa kawaida hupendekeza upasuaji, kwa kuhofia kwamba ukuta wa mshipa uliotanuka utachanika. Kwa wenye ugonjwa wa Marfan, ugonjwa wa kijenetiki unaodhoofisha kuta za mishipa, hupendekeza mapema zaidi. Kabla ya hapo mgonjwa humeza dawa za shinikizo la damu, hurudi kupimwa kila baada ya muda aliopangiwa, na husubiri. Hoja ninayoipima hapa ni kama MRI inayoonyesha jinsi damu inavyopita ndani ya mshipa, na si upana wa mshipa peke yake, inaweza kumsaidia mtu huyu anayesubiri.

Wanaoitetea huanza na udhaifu wa sentimita zenyewe. Uchambuzi wa sajili ya kimataifa ya wagonjwa waliochanika aota, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba karibu 6 kati ya kila 10 waliochanika sehemu inayopanda kutoka moyoni walikuwa na upana usiofika 5.5. Takwimu hiyo inatisha, lakini isomwe kwa uangalifu. Watu wenye aota iliyotanuka kidogo ni wengi kuliko wenye aota iliyotanuka sana, kwa hiyo hata hatari ndogo kwa kila mmoja wao huzaa wagonjwa wengi kwa jumla. Upande wa pili, aota hutanuka zaidi inapochanika, maana yake ni kwamba kabla ya siku hiyo baadhi yao walikuwa na upana mdogo hata kuliko uliorekodiwa. Kwa vyovyote vile, kuna kitu ambacho rula haikioni.

MRI ya mtiririko inajaribu kukiona kitu hicho kwa njia ya kuvutia. Mashine hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kusoma ishara za haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili. Uga wa sumaku ukibadilishwa kwa mpangilio maalumu, haidrojeni inayosafiri na damu hurudisha ishara iliyosogea kidogo ikilinganishwa na ile ya nyama iliyotulia, na kadiri damu inavyokwenda kasi ndivyo msogeo huo unavyokuwa mkubwa. Kipimo kikirudiwa katika pande tatu, na katika kila hatua ya pigo la moyo, hupatikana ramani ya kasi ya damu katika mshipa mzima, ambayo huchorwa kwa mishale ya rangi. Ndiyo maana huitwa 4D, yaani pande tatu za nafasi na wakati juu yake. Hakuna mionzi kama ile ya CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, jambo lenye uzito kwa kijana atakayepigwa picha mara nyingi maishani mwake.

Yaliyoonekana hadi sasa si madogo. Mwaka 1993 Philip Kilner na wenzake huko London walieleza kwa MRI jinsi damu inavyozunguka kama parafujo inapopita kwenye upinde wa aota hata kwa watu wenye afya. Kwa watu waliozaliwa na valvu ya aota yenye vifuniko viwili badala ya vitatu, ambao ni asilimia 1 hadi 2 ya watu wote, damu mara nyingi hutoka upande na kuugonga ukuta mmoja. Utafiti wa mwaka 2015 ulichunguza vipande vya aota vilivyotolewa katika upasuaji wa wagonjwa wa aina hiyo, na ukakuta kwamba pale ambapo damu ilikwaruza ukuta kwa nguvu zaidi, nyuzi za elastini, zile zinazouwezesha ukuta kunyumbuka, zilikuwa zimeharibika zaidi. Mimi huona ushahidi huu kuwa wa maana kuliko picha zozote za rangi, kwa sababu unaunganisha kilichopimwa na kilichoonekana kwenye nyama yenyewe.

Hata hivyo, kikundi kile kilikuwa kidogo, na mkwaruzo wenyewe haupimwi moja kwa moja: hukokotolewa kutokana na kasi ya damu karibu na ukuta, mahali ambapo chembe za picha zenye upana wa milimita 2 hivi huchanganya damu na ukuta na kushusha jibu. Fundi akiweka chini mno kikomo cha kasi ambayo mashine itapima, damu iendayo mbele huonekana kana kwamba inarudi nyuma. Picha hujengwa kutokana na mapigo mengi ya moyo, hivyo moyo usio na mdundo thabiti huivuruga. Tena, mtu aliyeshikwa na maumivu makali ya ghafla kifuani hapaswi kulazwa dakika nyingi ndani ya MRI. Huyo anahitaji CT mara moja.

Kwa Nairobi pana pingamizi zito zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta shinikizo la juu la damu kwa karibu robo ya watu wazima wa Kenya, wengi wao wakiwa hawapati matibabu, na hakuna kinachoiumiza aota za watu wengi kama hilo. Saa moja ya MRI inayotumiwa kwa utafiti ni saa ambayo mgonjwa wa ubongo au uti wa mgongo angeweza kuhudumiwa. Mwenye kusema kwamba mashine ya kupimia shinikizo na eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, zitangulie amesema kweli, nami sina jibu la kumpinga.

Lakini kutangulia si kufunga mlango. Tukikaa kando, viwango vya mtiririko vitakavyotumiwa kuwapima Wakenya vitatokana na miili ya Chicago na London, ilhali hapa wapo vijana wenye Takayasu, ugonjwa unaovimbisha kuta za aota na matawi yake, na wagonjwa ambao mshipa wao ulichanika miaka iliyopita na bado damu inapita katika njia bandia ndani ya ukuta. Hawa ndio wa kuanza nao, pamoja na watoto waliorekebishwa aota iliyobana. Mashine nyingi za MRI za moyo tayari zinaweza kupima mtiririko katika kipande kimoja cha mshipa, mgonjwa akishikilia pumzi kwa sekunde chache. Mafundi na wataalamu wa radiolojia wajue hilo barabara kabla ya programu ghali ya 4D kununuliwa.

Gharama ya kipimo cha utafiti isitoke mfukoni mwa mgonjwa. Na yule wa sentimita 4.8, kabla hajatia sahihi ya kukubali kipimo hicho, aelezwe kwa Kiswahili anachokielewa kwamba mishale ile ya rangi kwa sasa haitaamua siku ya upasuaji wake, na kwamba dawa za shinikizo zinabaki palepale.