Kerneli mbili jina moja: lebo inayojiweka yenyewe inatuokoa au inatusumbua tu?

Jina la kerneli (kiini cha Linux kinachoendesha vifaa vya mashine), "6.6.30-dodoma", lilitukesha hadi saa tisa usiku wiki iliyopita na ndo maana naandika haya. Tuko wanne huku Ipagala, Dodoma, tunapokea laptopu kuukuu za watu, tunaweka Linux, tunazirudisha zikiwa zinapiga kazi. Wenyewe wengi wako nje ya mji, Mpwapwa, Kongwa, wengine Bahi, kwa hiyo mashine ikishaondoka hapa imeondoka, huwezi kumwambia mtu apande basi arudi kila draiva ikigoma.

Laptopu tatu za mwisho zilikuja na vile vifaa vya wifi vya kuchomeka kwenye USB vinavyotumia draiva inaitwa rtl8xxxu, na ili vitulie ilibidi tuguse kodi kidogo tukompaili (yaani tuigeuze kodi kuwa programu inayowaka) kerneli yetu wenyewe. Jamaa yangu mmoja ndo alikompaili. Kwenye konfigi (faili la mipangilio ya kerneli, .config) akaweka CONFIG_LOCALVERSION="-dodoma" na ile lebo ya otomatiki, inayojibandika mwishoni mwa jina kuonyesha kodi ilikotoka, akaizima, anasema zile herufi na namba mwishoni ni uchafu. Sawa. Mashine mbili zikawaka vizuri, ya tatu wifi hakuna, na dmesg (ujumbe wa kerneli) inarudia mstari mmoja tu: rtl8xxxu: disagrees about version of symbol module_layout, yaani moduli (kipande cha kerneli chenye faili lake, kama draiva) haiendani na kerneli iliyowaka.

Tukaandika uname -r, amri inayotaja jina la kerneli, kwenye zote tatu. 6.6.30-dodoma, 6.6.30-dodoma, 6.6.30-dodoma.

Tukasema haya tuangalie uname -v, maana kule kuna namba ya bildi (kila ukikompaili ni bildi moja) na tarehe. Zote zinasema #1, kwa sababu jamaa alipiga make mrproper (amri ya kusafisha folda ya kodi) katikati, na ile mrproper inafuta faili la .version ambalo ndo linahesabu bildi, hesabu ikaanza upya. Zikabaki tarehe na saa, na hapo ndo tukaona mashine ya tatu ina kerneli ya mchana huku moduli zake ni za jioni. Kilichotokea ni kwamba bildi ya jioni ilikuwa na konfigi tofauti kidogo, tulipoihamishia kwenye ile mashine folda ya moduli ikaingia yote ikaifunika ya zamani, ila faili la kerneli lenyewe halikuingia kwa sababu /boot, sehemu ya diski linapokaa faili hilo, ilikuwa imejaa na hakuna aliyeusoma ule ujumbe. Kerneli ikiwaka inatafuta moduli zake kwenye /lib/modules/ halafu jina lake, haina njia nyingine ya kujua folda ipi ni yake. Ikakuta folda yenye jina lake, ikaingia, ikakuta vitu vya mwenzie.

Kwa asiyewahi kukompaili niseme haraka jina linavyotengenezwa. Namba ya mwanzo inatoka kwenye Makefile, baada ya hapo linasomwa faili lolote linaloanza na neno localversion kwenye folda ya kodi (watu wa kerneli ya rialtaimu ndo wanavyopata ile -rt yao), inafuata ile uliyoandika mwenyewe kwenye konfigi, na mwisho, kama CONFIG_LOCALVERSION_AUTO imewashwa, skripti ya setlocalversion inaiuliza git (programu inayotunza historia ya kodi) uko wapi. Kama uko juu ya tagi (alama) ya toleo rasmi haiongezi heshi. Ukiwa umeipita tagi inaongeza idadi ya komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye git) ulizozidisha, halafu herufi g na tarakimu 12 za heshi ya komiti (utambulisho wake unaokokotolewa kutoka yaliyomo), na popote ulipo, kama kuna faili umelibadilisha bila kukomiti inabandika -dirty. Ukiwa umeizima na umeipita tagi unapewa alama ya kujumlisha tu, kwamba kuna kitu kimeongezeka, kipi hakisemwi, na ukipiga make ukiandika LOCALVERSION= bila kitu, kama alivyofanya jamaa, hata hiyo haiwekwi.

Msimamo wangu ulikuwa, na bado uko, kwamba lebo hii iachwe imewashwa. Tulikuwa tunabishana hivyo usiku uleule na mfano uliotujia ni wa ng'ombe, maana mmoja wetu kwao wanafuga na amekulia kwenye minada. Chapa ya moto inakwambia ng'ombe ni wa nani. Heleni ya sikioni yenye namba inakwambia ni ng'ombe yupi. "-dodoma" ni chapa, inasema hii kerneli imetoka kwetu na hilo lina maana yake, ila ng'ombe mia wana chapa hiyohiyo. Heshi ndo heleni. Nikisoma g3f8bd21c9e04 naondoa ile g, naipeleka kwenye git show na komiti yote inafunguka mbele yangu, nani kaandika, lini, mstari gani umeguswa. Jina la kerneli kazi yake kubwa ni hiyo, likurudishe kwenye kodi iliyoizaa, ile kwamba halifanani na lingine haitoshi.

Ndo maana wale wanaosema weka tarehe na saa basi yaishe, sikubaliani nao. Ni kweli tarehe haijirudii. Ni kweli pia mtu anaisoma akaelewa. Lakini uniambie kerneli ni ya tarehe 14 saa kumi na moja jioni, mimi nitaipata wapi kodi ya saa kumi na moja jioni? Na kuna lingine, ukishaweka tarehe kwenye jina basi kodi ileile, konfigi ileile, kompaila ileile, zinakupa kitu tofauti kila ukikompaili, na wale watu wa Debian na wengine wanaohangaika bildi itoke sawa baiti kwa baiti ili mtu yeyote aweze kuihakiki wanakuwa wamefungiwa mlango. Heshi haina shida hiyo, komiti ile ile inatoa jina lile lile hata ukikompaili mwaka kesho.

Sasa jamaa yangu. Alinisikiliza, akafungua terminali, akawasha lebo ya otomatiki kwenye kodi ileile ya siku ile, akapiga make kernelrelease, inayotoa jina tu. Ikatoka 6.6.30-dodoma-dirty. Akabadilisha tena draiva kwa mstari mmoja, akapiga tena. 6.6.30-dodoma-dirty. Akageuka akaniangalia.

Na ana haki kabisa. Tulikuwa juu ya tagi ya v6.6.30 tukiwa na mabadiliko ambayo hayajakomitiwa, kwa hiyo hata heshi haikuwekwa, ni neno dirty tu, na dirty ya mchana na dirty ya jioni ni dirty moja. Halafu akaongeza la pili ambalo lilinikalia kichwani siku nzima iliyofuata: kilichotofautisha zile bildi mbili mpaka zikagombana kilikuwa konfigi, na faili la .config git hailifuatilii. Unaweza kuzima nusu ya kerneli, ukawasha vingine kumi, na heshi isitikisike hata tarakimu moja, kwa hiyo hata tungekuwa tumekomiti kila kitu vizuri ile ajali ya mashine ya tatu ingetokea vilevile.

Hili watu wanaoisifia lebo ya otomatiki hawalisemi sana na nadhani ndo kiini cha mjadala wote. Lebo inataja kodi, basi. Na ni mbaya zaidi kwa sababu ukiiona ile heshi ndefu unatulia, unaamini jina limeshasema yote.

Hoja nyingine za upande wake ni za matumizi, na huku kwetu zina uzito. Kila komiti jina jipya, kila jina jipya folda mpya kwenye /lib/modules, na usipovua data za debagi wakati wa kuinstoo (kuna INSTALL_MOD_STRIP=1, itumieni jamani) folda moja inaweza kufika gigabaiti kadhaa, na hizi laptopu zina diski ndogo. /boot ndo inajaa kabisa, na nimeshasema /boot iliyojaa ilitufanya nini. Ukitengeneza paketi za deb ndo hivyohivyo, jina la toleo liko ndani ya jina la paketi, kwa hiyo mpya haiiondoi ya zamani, zinakaa pamoja mpaka uje usafishe kwa mkono. Jina likibaki moja, paketi mpya inachukua nafasi ya ya zamani na hakuna cha kusafisha. Draiva za nje zinazosimamiwa na DKMS nazo lazima zikompailiwe upya kwa kila jina.

Suala la bando pia. Wengi wetu hatuvuti historia nzima ya git ya kerneli, ni gigabaiti nyingi, tunashusha tabo (faili moja lililobanwa lenye kodi yote) ya kernel.org ambayo ni kama megabaiti mia na kitu tunaendelea na maisha. Kwenye tabo hakuna git, na bila git lebo ya otomatiki haina cha kusoma, inakaa kimya hata ukiiwasha. Unaweza kupiga git init humohumo ukakomiti kila kitu na utapata heshi, ila ni heshi yako peke yako, mwenzio wa Iringa hawezi kuifungua kwake. Hata hivyo kwa mtu anayekompaili mwenyewe na kutumia mwenyewe, hiyo inatosha sana.

GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, nayo ilinisumbua siku mbili baadaye. Nilikuwa nimeshaanza kukomiti kila kitu, nikakosea, nikapiga git commit --amend (inarekebisha komiti ya mwisho badala ya kuongeza mpya), nikakompaili tena, nikaristati, uname ikanipa kerneli ya zamani. Nikadhani instoo imefeli. Haikufeli. GRUB inapanga kerneli kwa jina, ya zamani iliishia na 00001-gb07 na mpya 00001-g3f8, na kwa upangaji wake gb iko juu ya g3. Ukiongeza komiti mpya kila mara ile hesabu inapanda 00002, 00003, mpangilio unakuwa sawa. Uki-amend hesabu haisogei na kinachobaki kuamua ni heshi, ambayo haijui ipi imetangulia. Kwa hiyo kwenye matawi ya kukompaili sifanyi amend tena, naongeza komiti hata kama ni ya koma moja.

Nikipima yote bado naona aliyeizima lebo amekosea zaidi. Kusafisha /boot ni dakika tano. Kutafuta bildi ipi ni ipi kwenye mashine tatu ni usiku mzima, na siku ile zilikuwa mezani kwetu, sijui tungefanyaje kama moja ingekuwa imeshafika Kongwa. Lakini kuiwasha na kuiachia kila kitu nako siwezi kumshauri mtu. Tulichokubaliana, baada ya kuvutana sana, ni kwamba bildi yenye neno dirty haitoki kwenye mashine ya kukompailia, jaribu nayo utakavyo ila haiinstoliwi kwa mteja. Na konfigi tunaipa heshi yake: baada ya make olddefconfig, konfigi ikishatulia, tunapiga

echo "-$(sha256sum .config | cut -c1-6)" > localversion-konfigi

halafu ndo make. Lazima iwe kwenye faili la pembeni, ukiiandika ndani ya .config yenyewe heshi inabadilika papo hapo na hutaipata tena. Jina linatoka hivi: 6.6.30-4c19ae-dodoma-00001-g3f8bd21c9e04. Ni refu, ila kikomo ni herufi 64 na tuko mbali nacho. Ule .config tunaukopi pembeni kwa jina la 4c19ae, na tumewasha CONFIG_IKCONFIG_PROC ili hata mashine yenyewe iweze kuutoa kupitia /proc/config.gz.

"-dodoma" imebaki, na hapo nilikubali mimi. Jamaa alisema mteja akipiga simu huwezi kumwambia akusomee tarakimu 12, atakwambia b ukasikia d, mtandao unakatika, na yule mama wa Mpwapwa hajawahi kufungua terminali maishani. Kwa hiyo kila mashine sasa inatoka na neno lake kwenye jina, dodoma1, dodoma2, dodoma3, na kwenye daftari letu kila neno lina heshi zake mbili pembeni.

Juzi yule mama alipiga kweli. Nikamwambia mama fungua lile dirisha jeusi, andika uname -r, nisomee. Akasoma sita nukta sita nukta thelathini, akaanza saba, b, mbili, nikamwambia hizo ruka, kuna neno hapo katikati. "Dodoma mbili," akasema. Nikafungua daftari.