Gari Likitoka Getini

Kaka yangu alinunua Noah kwa pesa ya korosho, Novemba ya mwaka juzi, kwenye yadi moja Dar es Salaam. Malipo ya mnada yalipoingia benki kupitia AMCOS yake, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huko Mtama mkoani Lindi, aliongeza akiba ya miaka minne, akapanda basi. Alitaka gari la abiria kati ya Lindi na Mtwara. Walipovuka daraja la Mkapa pale Rufiji alinipigia simu huku Leicester, Uingereza, nikasikia watu wakicheka garini. Simu ya pili ilitoka Somanga. Gari limechemsha.

Likavutwa hadi Lindi. Fundi alipofungua alikuta gasketi ya silinda hedi imeungua na hedi yenyewe imepinda. Kwa gari lililotumika hayo hutokea, wala nisingeandika kwa ajili yake. Kilichonikaa rohoni ni vitu viwili ambavyo fundi alinionyesha kwa video. Mahali pa thamostati, kile kifaa kinachoongoza maji ya kupoza injini, palikuwa patupu. Na feni ya rejeta ilikuwa imeungwa waya moja kwa moja, izunguke muda wote injini inapowaka. Mtu hafanyi hivyo kwa bahati mbaya. Alijua gari linachemsha, akalipoza litulie kwa ile mizunguko miwili mitatu ambayo mnunuzi huruhusiwa kulijaribu, zaidi ya kilomita 400 kutoka mahali litakapokwenda kuishi.

Kaka akampigia muuzaji. "Mzee wangu, gari ikishatoka getini ni yako. Si ulikuja na fundi?" Akamkumbusha na mkataba wa mauziano waliosaini kwa mwanasheria: mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo. Baada ya hapo simu ikawa inaita tu.

Mimi nami nimepita humo humo huku ugenini, ndiyo maana nasema. Nilinunua gari kwa muuzaji wa magari yaliyotumika, siku ya 19 gia zikaanza kugoma. Nikirudi nyuma linakaa, halafu linaruka kama limepigwa teke. Muuzaji alinipokea kwa tabasamu, akasema waranti yangu haifuniki giaboksi, na gari la umri ule lazima vitu vichakae. Maneno yale yale ya Dar, ila kwa Kiingereza. Nisidanganye mtu kwamba wafanyabiashara wa huku wana roho nyeupe kuliko wetu.

Jirani yangu akanifundisha: achana na waranti, hiyo ni nyongeza yake yeye, haki yako iko kwenye sheria. Huku kuna Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015. Gari ulilonunua kwa mfanyabiashara likiwa na kasoro ya tangu siku ya kununua, ndani ya siku 30 unaweza kulirudisha na kudai pesa yako yote. Siku hizo zikipita, anapewa nafasi moja ya kutengeneza, na kasoro ikibaki unaweza kulikataa, ingawa kwa gari anaruhusiwa kukata kiasi cha matumizi. Kwa madai haya ya kutengenezewa na kulikataa baadaye, ukishaonyesha kasoro ndani ya miezi sita ya kwanza, huhesabiwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kununua, na muuzaji ndiye anayepaswa kuthibitisha vinginevyo. Ukinunua kwa mtu binafsi kinga hii huna.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Nikakubali atengeneze, kwa sababu gari nililipenda. Lilirudi, likakaa siku nane, teke likaanza tena. Barua ya pili ililikataa gari. Akanirudishia pesa, akakata kidogo kwa maili nilizotembea. Hakuna aliyepandisha sauti.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu, na sikubali jibu jepesi kwamba kwetu hakuna sheria. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imetoka kwenye sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Tulianzia mahali pamoja. Hata hiyo ya kwetu inasema mnunuzi aliyekagua hana dai kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzigundua. Nani angefungua nyumba ya thamostati uani kwa mtu, dalali amesimama pembeni anaangalia saa? Tuna pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani na kuipa kazi ya kumlinda mlaji.

Tulipoachana na Waingereza ni kwenye mzigo wa kuthibitisha. Kaka ndiye atakayebeba mzigo wote. Muuzaji atasema fundi wa Lindi ndiye aliyeitoa ile thamostati, na nani atabisha? Halafu ule mstari wa "ameridhika". Huku mfanyabiashara hawezi kujivua wajibu wake kwa mlaji kwa kuandika mstari kwenye mkataba. Kwetu mstari ule umechapwa tayari kabla hujafika, na watu wanausaini kama wanavyosaini daftari la wageni.

Na kuna muhali. Dalali aliyempeleka kaka yadi ni kijana wa Mtama, mama yake anapanda mbaazi shamba la jirani. Nilimwambia kaka ambane kijana yule, akanijibu, "Nikimbana, mama yake nitamsalimiaje?" Namwelewa, nimelelewa hivyo hivyo. Lakini muhali huu unatembea njia moja. Kijana alipokuwa anapokea chake kwa mwenye yadi hakumwonea kaka muhali. Hilo linaniuma kuliko gasketi.

Cha nyumbani ambacho huku sikipati ni fundi. Yule wa Lindi alilala na injini ile siku tatu, hedi ikapelekwa kusawazishwa, akatafuta thamostati na swichi ya feni mwenyewe, akarudisha kila kitu kilivyotoka kiwandani, na nusu ya malipo akakubali ingoje msimu. Huku fundi anahesabu kwa saa, na gari la bei ndogo likiharibika giaboksi wengi wanaliuza kwa chuma chakavu. Noah ya kaka inatembea hadi leo, kila asubuhi inapita Mingoyo na abiria wake.

Kingine ningependa tuige ni rekodi. Huku gari likifikisha miaka mitatu linakaguliwa kila mwaka, na mtu yeyote akiandika namba yake ya usajili mtandaoni, bure, anaona lilifeli nini na lilikuwa na maili ngapi kila mwaka. Ukirudisha maili nyuma unaonekana. Kaka aliamini kilomita za kwenye dashibodi kwa sababu hakuwa na kingine cha kuamini.

Msimu huu mpwa wangu alitaka kirikuu cha kubebea samaki kutoka Mikindani. Nilimwambia mambo matatu: aende alfajiri injini ikiwa ya baridi, aangalie kama feni inazunguka mara tu anapowasha, na asisaini "ameridhika" bila kuongeza mstari huu kwa mkono: "Injini au giaboksi ikionyesha kasoro ndani ya siku 30, muuzaji atatengeneza kwa gharama yake au atarudisha pesa."

Yadi mbili zilimkatalia, moja ikamwambia aende akanunue huko kwa mjomba wake. Ya tatu, mwenyewe alikaa kimya, akausoma mara mbili, akaomba kalamu. Akafuta 30, akaandika 14, akasaini.

"Mjomba, siku 14 zinatosha?" akaniuliza kwa simu.

Nikamwambia zinatosha kufika Mtwara, kurudi, na kufika tena.