Petruk kwenye benchi la angkringan: chapa za Yogyakarta zinadaiwa na nani?

Mchapaji wa Yogyakarta, Indonesia, yaani msanii anayechonga picha kwenye ubao na kuichapa kwa wino, akimchonga Petruk, yule mtumishi mwenye pua ndefu wa michezo ya vivuli ya wayang, kisha akamkalisha kwenye angkringan, wapo watakaosema mila imeshushwa hadhi. Angkringan ni mkokoteni wa chakula cha bei nafuu: birika juu ya makaa, wali kidogo uliofungwa kwa jani la mgomba, mishikaki ya utumbo wa kuku. Nyuma yake akitandaza parang, hasira huzidi, kwani zamani nakshi hiyo ya batiki ilikuwa mwiko kwa mtu wa kawaida kuivaa ndani ya kasri la sultani.

Siwapuuzi wanaosema hivyo. Nakshi hizo zina vyeo na maana zake, na anayezitumia kama pambo tu huzipunguza. Lakini wayang yenyewe inawapinga. Petruk, Gareng na Bagong, pamoja na baba yao Semar, ni watumishi. Usiku wa manane hukatiza kisa cha wafalme, wakataniana na kuzungumzia shida za watu wa leo. Kumpeleka Petruk kula mishikaki mtaani ni kumwacha pale pale mila ilipomweka.

Kinachonisumbua ni jambo jingine. Mabanda ya pecel lele, yaani kambare wa kukaanga kwa pilipili, hutundika pazia za kitambaa zilizochorwa kwa mkono: kambare, kuku na bata kwa rangi kali, herufi nene zenye kivuli. Ni sanaa ya watu wa Lamongan, wilaya ya mashariki mwa Java, na wachoraji wake wengi hawajulikani nje ya kazi hiyo. Mtindo huo ukihamia kwenye karatasi nzuri na kuuzwa kwenye nyumba za sanaa, wao hawapati kitu. Muuzaji naye hana uhakika wa mahali pake: mwaka 2022 wachuuzi wa Malioboro, mtaa maarufu wa Yogyakarta, waliondolewa kwenye vibaraza vya mtaa huo wakapelekwa kwenye majengo maalumu.

Wapo wachapaji waliokwenda njia tofauti. Taring Padi, kundi lililoanzishwa 1998 baada ya Rais Suharto wa Indonesia kuanguka, huchonga mbao kubwa, huzipaka wino, hutandaza kitambaa juu yake, na watu hukikanyaga kwa miguu mpaka picha itokee. Kazi zao zimebandikwa kwenye kuta za mitaa na kubebwa kwenye maandamano. Si lazima kila mchapaji awe mwanaharakati. Ila anayemchukua kambare wa Lamongan amlipe mchoraji wake, na aandike jina lake chini ya chapa, kando ya namba ya nakala.