Tembo Naye Hakuwa na Limitedi

Saa moja kasoro asubuhi niko ndani ya gari, tai shingoni, mtaani kwetu Nkuhungu, Dodoma, na tairi la nyuma la kulia linazunguka kama feni ya baa. La kushoto limetulia. Limetulia kabisa, ndugu zangu, kama mjumbe aliyekuja kikaoni kufuata soda. Nakanyaga mafuta, la kulia linarusha tope mpaka kwenye kanga za jirani zilizoanikwa. La kushoto linaniangalia tu.

"Usikanyage mzee, unajizika!" kijana wa bodaboda huyo. Mwenzake akadakia, "Vuta hendibreki kidogo itoke!" Nikavuta. Haikutoka. Wa tatu akainama, akachungulia chini ya gari kama daktari, akainuka na majibu: "Mzee, gari yako haina limitedi."

Limitedi slipu, nilikuja kuelewa, ni aina ya difu, na difu ni lile bonge la gia kati ya matairi ya nyuma linaloyagawia nguvu ya injini. Tangu siku hiyo sina amani. Nkuhungu nzima imekuwa chuo cha makanika. Nikienda kununua chapati, mama anauliza kama nimeshaweka limitedi slipu. Mke wangu, ambaye mpaka Januari hakujua kama gari lina difu, sasa ananipa chai huku anasema, "Baba Neema, wenzio wanaweka."

Nikaenda kwa fundi. Akaingia chini ya gari, akakaa huko muda wa kutosha kulala usingizi mfupi, akatoka anafuta mikono. "Bosi, hii difu yako ni ya wazi." Alivyolitamka hilo neno, nilijisikia kama nimelala bila kufunga mlango. Ya limitedi, anasema, itaagizwa Dar, iliyotumika, laki saba na nusu. Ufundi laki na nusu. "Oili yake tutaongea."

Hiyo "tutaongea" ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nikasema hapana, mimi ni mtu wa uhasibu, sitoi laki tisa kabla sijajua ninanunua nini. Nikakaa na mwanangu na simu yake jioni nzima, na nilichoelewa nimekielewa kwa njia ya kamati ya harusi, maana huko ndiko ninakotozwa zaidi.

Difu ya kawaida si kitu kibaya. Ukizunguka kipilefti, tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ni kama gwaride likigeuka: askari wa nje anatupa hatua ndefu, wa ndani anakanyaga palepale. Difu inaziacha tairi zipishane mwendo, usiburuze mpira kwenye lami. Mfaransa mmoja, Onésiphore Pecqueur, aliipatia hataza mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke. Mpaka hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi uko kwenye kanuni ya mchango. Difu ya wazi, yaani hiyo ya kawaida, inasema wajumbe wote wawili, matairi yangu ya nyuma, wachange nguvu sawa. Sasa mmoja kasimama kwenye tope laini kama mlenda, mfukoni ana mia tano. Mwenzake kasimama pakavu, ana laki, yuko tayari kutoa. Kanuni inamwambia kaka, toa mia tano kama mwenzako. Jumla elfu moja. Harusi gani hiyo? Gari haliendi, na injini yote inaishia kumzungusha yule asiye na kitu.

Ndiyo maana hata ile hendibreki haikunisaidia. Inashika matairi yote mawili ya nyuma sawasawa, kwa hiyo unachomwongezea huyu wa kushoto kupitia difu unamnyang'anya palepale kwa breki.

Limitedi inabadilisha katiba. Mwenye nacho anaruhusiwa kuchanga zaidi ya asiye nacho, kwa aina nyingine mara mbili, hata mara tatu. Zipo za sahani zinazosuguana, zipo za meno ya msokoto. Kwenye magari zilipata jina miaka ya 1930 huko Ujerumani, kwenye magari ya mashindano ya Auto Union yenye silinda 16, ambayo yalikuwa yakitoka kwenye kona tairi la ndani linafuka moshi. Sasa mimi na silinda zangu nne, moja ikiwa na kikohozi, nafuka moshi wapi? Labda kwenye foleni ya Majengo.

Halafu niliposhika kalamu, hesabu ikazidi kunikera. Kutoka mlangoni kwangu mpaka lami ni mita 300. Kutoka hapo mpaka ofisini Mtumba ni kilomita 20 na ushee, lami tupu. Mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili, tena hii ni Dodoma, kuna siku wingu linakuja, linatuangalia, linakwenda zake. Baada ya hapo ni vumbi jekundu mpaka Novemba. Yaani laki tisa na "tutaongea" kwa mita 300, kwa siku za kuhesabu vidole, na siku zilizobaki hiyo mashine ya Auto Union inanisindikiza kununua nyanya.

Na ile ya sahani inataka oili yake maalumu. Ukiweka ya kwenye dumu, ukikata kona inaguna kama mgonjwa. Sahani zenyewe zinalika, siku zikiisha umerudi kwenye difu ya wazi, ila sasa ni ya wazi ya bei mbaya. Tena kwenye utelezi tairi zote mbili zikiamua kuzunguka pamoja, mkia wa gari unakwenda kusalimia mtaro. Ya wazi angalau inakukwamisha ukiwa umenyooka, na heshima yako.

Anayebeba zabibu kutoka Hombolo, au anayeingia mashamba ya mpunga Bahi masika, huyo aweke, na akiweza atafute yenye loki kabisa, inayofunga matairi yote mawili yazunguke pamoja. Na mwenye gari la kisasa ambalo kompyuta yake inalibana breki tairi linalozunguka ovyo, anatafuta nini kwa fundi?

Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi yeye aliweka. Ya meno. Akapita mtaani anapunguza mwendo mbele ya kila kibaraza. Wiki haijaisha, tairi lake moja likaning'inia juu ya mtaro, hewani kabisa. Kanyaga, kanyaga, hakuna. Nikatoka na kikombe changu cha chai. Nikamweleza kwa upole kwamba difu yake inazidisha mara tatu, lakini sifuri mara tatu ni sifuri. Hakufurahi. Baada ya dakika kama 40 akaja kijana yuleyule wa bodaboda, na ushauri uleule: "Vuta hendibreki kidogo!" Akavuta, gari likatoka. Likatoka! Kwake breki inampa yule wa hewani kamchango, difu inazidisha kwa mwenzake, inabaki ziada. Ushauri mmoja, kijana mmoja, kwangu umekuwa kejeli, kwake muujiza. Chai yangu ilipoa ghafla.

Narudi kwenye ile asubuhi yangu, maana sijaimaliza. Nikiwa bado nimezama, akapita mzee mmoja wa Kigogo na ng'ombe zake, fimbo mabegani. "Mbukwenyi," akanisalimu. Nikaitika na tai yangu imejaa tope. Akalizunguka gari polepole, akacheka bila meno.

"Mwanangu, unajua kwa nini huu mji unaitwa Dodoma?"

Ninajua. Kila mtu anajua. Tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope, wenyeji wakasema idodomya, amedidimia. Mji mzima umepewa jina la kukwama. Makao makuu yenyewe yaliamuliwa kuhamia hapa mwaka 1973, yakazungusha tairi palepale mpaka 2016 ndipo yakapata kushika ardhi. Mimi nikwame nusu saa, watu wananiletea katalogi ya vipuri.

"Tembo yule," nikamwambia mzee, "alikuwa na miguu minne inasukuma yote. Foo wili tangu tumboni mwa mama yake. Na alizama. Sasa limitedi ingemsaidia nini?"

Mzee hakunijibu. Aliinama, akapitisha kiganja juu ya tairi langu, lile lililokuwa linazunguka. Akalipapasa kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyenyolewa.

"Unyayo wa tembo," akasema, "ulikuwa na mistari kuliko hii."

Sasa hapo kuna jambo ambalo sikulitaja mwanzoni, na nilikuwa na sababu zangu. Tairi zile zilikuwa vipara. Zilikuwa vipara tangu mwaka juzi. Fundi alilala chini ya gari, pua yake iko kiganja kimoja kutoka kwenye hicho kipara, akaona difu.

Nimenunua mbili za nyuma, mpya, zenye meno ya kweli, na jembe la kukaa kwenye buti. Zote hazijafika hata nusu ya hesabu ya fundi. Mara ya kwanza mvua ilipokuja nilipita zile mita 300 kioo nimeshusha, kiwiko nje, na kijana wa bodaboda akapiga kelele, "Mzee, umeweka limitedi!"

Sikumkatalia.

Ila leo nimefungua buti, jembe halimo. Mama Neema kaenda nalo kwenye matuta yake ya mchicha tangu Jumamosi, na huko juu ya vilima vya Ntyuka wingu limekuwa jeusi tii.