Nani ampe nyota mtu aliyeachwa?

Kule Zagreb, Kroatia, kuna makumbusho ya mahusiano yaliyovunjika. Olinka Vištica na Dražen Grubišić walikuwa wapenzi, wakaachana, wakabaki wanajiuliza vile vitu walivyokuwa navyo pamoja wavipeleke wapi, 2006 wakafanya onyesho la kwanza na 2010 wakafungua jumba kabisa. Vitu vinatoka kwa watu wa kawaida tu, unatuma chako na stori yake, jina lako haliwekwi, inaandikwa penzi lilikuwa wapi na lilidumu muda gani, basi.

Sasa wageni nao wakitoka pale wanaingia mtandaoni kugawa nyota, na hapo ndo ubishi unapoanza. Kuna wanaosema si haki, mtu kaanika moyo wake halafu mtalii aliyeingia kukimbia mvua anakuja kuandika eti maandishi mengi mno, nyota mbili. Nawaelewa. Yupo mlemavu wa vita aliyetoa mguu wake wa bandia, alimpenda dada wa ustawi wa jamii aliyemsaidia kupata vifaa vya huo mguu, na kwenye maelezo anatania kwamba mguu umedumu kuliko penzi kwa vile ulitengenezwa kwa mali imara zaidi. Hiyo unaipa nyota ngapi?

Ila mi bado niko upande wa hao watalii. Umemruhusu mtu asiye msanii aandike maelezo mwenyewe, utamkatazaje mwenzie asiye mhakiki aseme alichokiona? Wakubwa walishasifia, tuzo ya Kenneth Hudson, ile ya makumbusho ya Ulaya, walipewa 2011, kwa hiyo wa kusema kiingilio tunalipa na waliotoa vitu wametoa bure ni nani kama si huyo aliyekata tiketi? Nyota zenyewe sizipendi lakini, zinachanganya bei, ngazi, choo na uchungu wa mtu kwenye namba moja.

Halafu kuna shoka, la Berlin hilo. Mtu kaachwa, mpenzi kaenda likizo na mpya wake, fenicha zake kaziacha humo ndani, huyu akanunua shoka na kila siku akawa anapasua kitu kimoja mpaka roho ikatulia, mwenye fenicha anarudi kuchukua anakuta vimepangwa mafungu mafungu kama kuni. Watu wanacheka sana pale. Mi nauliza, na yule mwingine je? Kuna vitu vyake pale vimeteketea na neno lake halipo, aliyeandika ni aliyeshika shoka, na ukiita hiyo historia ya watu wa kawaida ujue ni ya upande mmoja na hakuna wa kuihakiki. Rivyu ya mistari mitatu, hata imejaa makosa ya spelling, ikiuliza hilo swali naisoma yote, zile za "pazuri sana, nendeni na wapenzi wenu" napita.