Samadi ya Punda Inategemea Anapolala

Wakulima wetu wakizungumzia samadi huwataja ng'ombe, mbuzi na kuku, na punda akitajwa huwa ni kwa sababu ya mkokoteni. Wapo wanaosema kwamba samadi yake haina nguvu. Kwa maoni yangu, sababu kubwa ya eneo moja kuitumia samadi ya punda na ya baghala (mnyama anayezaliwa na punda dume na farasi jike) huku eneo jingine likiitupa haimo ndani ya samadi yenyewe. Imo katika mahali anapolala mnyama, njia anazopita mchana, na kama mwenye mnyama ana shamba au hana.

Ni kweli kwamba punda na baghala hawacheui. Chakula chao huchachukia katika utumbo mpana, na kwa hiyo nyuzi nyingi za majani, pamoja na mbegu za magugu, hutoka zikiwa hazijasagika vizuri. Samadi hiyo huwa kavu na nyepesi kuliko ya ng'ombe, na uwiano wake wa kaboni na naitrojeni mara nyingi huwa karibu 25 hadi 30 kwa 1, wakati ya ng'ombe huwa karibu 20 kwa 1, yaani naitrojeni ya samadi ya punda ni kidogo ikilinganishwa na kaboni yake. Anayetaka mahindi yapate rangi ya kijani upesi ataiona dhaifu. Lakini mwenye udongo wa kichanga, ambao maji hupita na kutoweka, anazihitaji nyuzi hizo zaidi ya anavyohitaji naitrojeni. Kati ya punda na baghala sioni tofauti ya maana, ila ile inayoletwa na lishe, kwa kuwa mnyama anayepewa nafaka hutoa samadi yenye rutuba kuliko yule anayeishi kwa nyasi kavu.

Mfano unaonisumbua zaidi ni Lamu. Katika mji mkongwe ule wenye vichochoro visivyopitika kwa gari, punda ndiye hubeba mawe ya matumbawe, saruji, mchanga na magunia ya vyakula, na mashonde yake yamo kila kona. Kisiwa chenyewe ni cha kichanga, yaani ardhi inayolilia kitu kama hicho hasa, na mashamba ya minazi na miembe hayako mbali. Hata hivyo mashonde yanayofagiliwa vichochoroni huchanganyika na taka nyingine, na punda wenyewe hula plastiki majaani, mpaka baadhi yao hufa kwa kuziba matumbo. Mkulima akiikataa samadi iliyojaa vipande vya plastiki simlaumu. Ninachokataa ni hoja kwamba kosa ni la punda. Kufagia mashonde peke yake asubuhi, kabla ya taka za majumbani kutolewa nje, ni kazi ndogo kuliko kuagiza samadi kutoka bara.

Kajiado na Narok hali ni nyingine kabisa. Mara nyingi punda wa Wamaasai hulala bomani pamoja na ng'ombe na mbuzi, na samadi yao huchanganyika, hukauka na kurundikana kwa miaka. Malori hutoka nyanda za juu kuja kuinunua, na sijasikia mnunuzi akiuliza sehemu ya punda ni kiasi gani.

Ethiopia, nchi yenye punda wengi kuliko nyingine yoyote duniani na baghala wengi pia, inatoa somo gumu zaidi. Katika nyanda zake za juu kuni ni adimu, na kinyesi cha ng'ombe hukaushwa kikawa nishati ya kupikia. Kile kinachobaki huishia katika bustani zilizo jirani na nyumba, na kusini mwa nchi katika enseti, mmea wa chakula unaofanana na mgomba, huku mashamba ya mbali yakizidi kuchoka. Hapo ndipo mnyama wa mizigo angeweza kufanya kazi mara mbili: atoe samadi, kisha aibebe mpaka kule isikofika. (Rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alikuwa mfugaji mashuhuri wa baghala, na mwaka 1787 alijengewa banda maalumu la kuozeshea samadi shambani kwake Mount Vernon. Hakuona aibu.)

Anayeanza kuitumia asiimwage shambani ikiwa mbichi. Airundike, ailoweshe na kuigeuza mpaka ipate joto la nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku kadhaa, ili mbegu za magugu na mayai ya minyoo yafe. Asiishike kwa mikono yenye vidonda, kwa sababu vimelea vya pepopunda huishi katika utumbo wa wanyama hawa, na chanjo ni muhimu kuliko glavu.

Kiambu na Mwea, wengi wa vijana wanaoendesha mikokoteni ya punda hawana ardhi, na samadi ya punda wao humwagika barabarani na penye visima. Tena punda wenyewe wanapungua: sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu takriban milioni 1.8, na ile ya 2019 takriban milioni 1.2, na katikati yake, kuanzia 2016, vilifunguliwa vichinjio vilivyolenga soko la ngozi. Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Mwenye shamba ajenge kibanda pembeni mwa ua, ampe kijana wa mkokoteni amlaze punda wake humo bila kodi, atandike mabua ya mahindi sakafuni, na asubuhi mabua hayo yakiwa yamelowa mkojo na kujaa mashonde, yawe ndiyo malipo.