Rafiki: Shida Haikuwa Busu, Shida Ilikuwa Mwisho

Watu wengi wanaobishana kuhusu Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, hawajaiona. Wanajua tu ilipigwa marufuku Kenya Aprili 2018, ikabaki kidogo tu ionyeshwe kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, filamu ya kwanza ya Kenya kufika kule, na bas, kila mtu akachagua upande. Mimi pia nina upande na utauona, ila tuanze na wa bodi maana hoja zao si za kijinga vile zilivyochekwa mtandaoni.

Bodi ya kuainisha filamu, KFCB, enzi hizo bosi wake ni Ezekiel Mutua, ilikuwa na kifungu 162 cha kanuni ya adhabu, kile kinachotumika dhidi ya ngono ya jinsia moja, ambacho adhabu yake inafika miaka 14 jela, na taasisi ya serikali haiwezi kujifanya haijakisoma. Halafu wakasema skripti iliyopewa kibali sio kilichotoka kwenye skrini. Ongeza na pesa: filamu imetengenezwa kwa ushirikiano na Afrika Kusini na nchi kadhaa za Ulaya, na mzazi akiuliza mbona hela za nje zinapatikana kwa hadithi za namna hii na msanii mwenye hadithi ya ukame Turkana anazunguka na bahasha yake mpaka anachoka, hilo ni swali halali, usimwite mshamba.

Sasa kaa uitazame yenyewe. Kena anacheza mpira na vijana na anasaidia dukani kwa babake, Ziki ana rasta za rangi rangi na hatulii, na baba zao wote wawili wanawania kiti kimoja cha siasa mtaani. Chimbuko la filamu ni Jambula Tree, hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko iliyoshinda tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika 2007, kwa hiyo wale wa "imeletwa na wazungu" hapo wanateleza kidogo. Mapenzi yenyewe ni kutazamana, kucheka, busu, kujificha kwenye gari bovu lililotupwa. Ukiondoa hayo, muda mwingi uliobaki ni wa mtaa: mama wa kibanda anayeuza chakula na umbea kwa bei moja, kanisa ambapo Kena anawekewa mikono aombewe pepo limtoke, na lile kundi linalowavamia wasichana wawili na kuwapiga mpaka damu, halafu wanaopelekwa polisi ni hao hao waliopigwa!

Na hapa ndo mimi hukwama kila mara. Kahiu alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho, ati una matumaini mno. Sio kipigo kipunguzwe. Mwisho. Na huo mwisho ni nini? Miaka imepita, Kena ameshakuwa daktari, Ziki alipelekwa London na wazazi wake na sasa amerudi, mkono unagusa bega, filamu imeisha. Hawaoani, hawaendi maandamano, hata hatuambiwi kama watakuwa pamoja. Yaani kumbe wasichana hao wangeweza kupendana kwenye skrini vizuri tu, mradi mwishoni walie, wajute, au mmoja afe. Kama kweli hofu ni watoto kuona busu, mbona busu halikuwa tatizo kubwa kuliko tabasamu? Kwangu hiyo si kulinda maadili, hiyo ni kutaka adhabu iwe sehemu ya hadithi, na filamu yenyewe tayari imeshaonyesha adhabu nyingi kuliko raha.

Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku 7, watu wazima tu, ili filamu iweze kufikiriwa kwa Oscar. Alisema hakuamini jamii ya Kenya ni dhaifu kiasi cha kutikiswa na filamu. Sinema ya Prestige pale Ngong Road, Nairobi, ikajaa hadi ikabidi waongeze maonyesho. Siku 7 zikaisha na jamii ikabaki vile vile, matatu ziliendelea kupandisha nauli mvua ikinyesha. Oscar yenyewe Kenya ikapeleka Supa Modo, ambayo ni filamu nzuri sana, sina kinyongo hapo.

Aprili 2020 Jaji James Makau akakubaliana na bodi kwamba marufuku ilikuwa halali. Wanaomuunga mkono wanasema uhuru wa kujieleza una mipaka, na ni kweli unayo, hata katiba ya 2010 inaitaja, japo ukisoma kifungu 33 mipaka iliyoorodheshwa pale ni uchochezi, chuki na propaganda za vita, sasa sijui mkono begani unaingia wapi.

Ile hoja ya skripti ndo ningeipa uzito kuliko zote, kwa sababu makubaliano ni makubaliano na mtu akipewa kibali cha jambo moja akafanya lingine amekosea. Lakini Septemba 2021 bodi hiyo hiyo ikapiga marufuku I Am Samuel, na ile ni dokumentari, kijana wa watu anayempenda mwanaume mwenzake, na babake mhubiri kijijini, wakiishi maisha yao mbele ya kamera. Pale hakuna mwandishi wa kuambiwa abadilishe mwisho.